Mjomba Anajibu: Siena, mji uliokwama 1348 na bado unagombana

Toleo lililopita niligusia Siena kidogo tu, ule mji wa Toscana huko Italia uliokaa juu ya vilima vitatu, kusini ya Florence, nikadhani yameisha. Wapi! Barua zimemiminika, na nusu yake watu wanauliza farasi tu. Farasi tutafika, msiwe na haraka, ila waliouliza mengine nao wana haki yao, kwa hiyo leo safu nzima ni Siena na atakayechoka anisamehe.

Shikamoo mjomba. Ulisema Siena haina bahari wala mto. Sasa mji wa namna hiyo ulipata wapi utajiri mpaka ukawa unapigana na Florence? – Mpiga Hesabu

Marahaba. Ni barabara, na hela za watu wengine. Zamani mahujaji wa kutoka kaskazini ya Ulaya walienda Roma kwa miguu kwa njia inaitwa Via Francigena, na hiyo njia ilikuwa inapita Siena katikati kabisa, hata leo ukitoka lango la Camollia kaskazini ukashuka na mtaa mkuu mpaka Porta Romana upande wa kusini unakanyaga mule mule walimokanyaga wao. Kuna askofu mkuu wa Canterbury, Sigeric, alienda Roma mwaka 990 hivi, orodha ya vituo vyake vya kurudi ipo mpaka leo na Siena imo. Sasa hujaji anakula, analala, anaumwa, anabadilisha pesa. Hapo kwenye kubadilisha pesa ndo pakawatoa. Kufika karne ya 13 familia za Siena zilikuwa zinakopesha wakubwa na kumkusanyia Papa mapato yake sehemu mbalimbali za Ulaya, na kampuni ya ukoo wa Bonsignori, iliyokuja kujulikana kama Meza Kuu, ilikuwa kati ya kubwa kabisa za zama zake mpaka ikaanguka 1298.

Ila kukosa mto kuliwatesa, tena sana. Suluhisho lao lipo chini ya miguu ya watalii na wengi hawana habari: mahandaki yanaitwa bottini, jumla yake kama kilomita 25, yamechimbwa kwa mkono kwenye mwamba laini, mtu anapita amesimama, na pembeni chini kuna kijimfereji kinachobeba maji yaliyochuruzika kutoka kwenye mwamba wenyewe. Hawakuleta mto mjini, walikusanya matone. Na bado waliamini kuna mto umejificha chini, wakaupa jina kabisa, Diana, wakautafuta kwa gharama zao mpaka Dante akawacheka kwenye shairi lake (Dante wa Florence, ulitegemea atawasifu?).

Ukitaka kuelewa walivyoyaheshimu hayo maji teremka Fontebranda, chini ya kanisa la San Domenico. Matao matatu makubwa ya tofali, ndani kuna kaubaridi hata jua likiwa kali, na maji yametulia tuli. Zamani yalitumika kwa zamu: birika la kwanza la kunywa watu, yakifurika yanaingia kwenye birika la wanyama, kutoka hapo ya kufulia, halafu ndo yanashuka kwa watia rangi nguo na watengeneza ngozi huko bondeni. Tone moja linafanya kazi nne. Pale uwanja mkuu maji yalifika 1342, na walivyofurahi wakaita chemchemi yao Fonte Gaia, yaani ya furaha.

Mjomba, kwenye picha naona pembeni ya kanisa kuu kuna ukuta mrefuuu una madirisha matupu na nyuma yake hakuna kitu. Lilipigwa bomu? – Mama Mapacha

Hapana Mama Mapacha, si bomu. Ule ukuta ni wa kanisa ambalo halijawahi kuwepo.

Iko hivi. Siena tayari walikuwa na kanisa kuu zuri, lile la mistari myeusi na myeupe, lina mimbari ya marumaru aliyochonga Nicola Pisano kati ya 1265 na 1268, lina uso wa mbele ulioanzwa na mwanawe Giovanni. Kwa mji mwingine ingetosha. Lakini Florence walikuwa wameanza kujenga lao jipya tangu 1296, kubwa la kutisha, na Wasiena hawakuweza kuvumilia hiyo aibu. Mwaka 1339 wakakubaliana kitu cha ajabu: kanisa lote mnaloliona leo lingebaki kuwa mkono tu, yaani ile sehemu inayokata msalaba, halafu ubavuni kwake wajenge kanisa jipya refu litakalolimeza la zamani. Kwa kipimo cha wakati ule lingekuwa miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Wakristo. Wakaanza kweli, nguzo zikasimama, kuta zikapanda.

Halafu ukaja mwaka 1348 na tauni. Sijui niielezeje bila kuiharibu. Kuna mwandishi wa kumbukumbu za mji, Agnolo di Tura, aliyekuwa anaandika mambo ya kawaida tu, vita, bei, majengo, ghafla kati ya habari hizo anaandika kwamba watoto wake watano amewazika kwa mikono yake mwenyewe. Anataja hivyo basi, anaendelea. Anasema watu waliacha hata kuwalilia wafu maana kila mtu alikuwa anasubiri zamu yake. Mafundi walikufa, wakopeshaji walikufa, na wachoraji wawili ndugu ambao ndo walikuwa fahari ya Siena, Pietro na Ambrogio Lorenzetti, hawaonekani tena popote baada ya mwaka huo. Pesa ya kanisa ikaisha na watu wa kulijaza wakaisha. Juu ya hayo ikagundulika nguzo nazo zilikuwa na matatizo, kwa hiyo 1357 wakakata tamaa rasmi na kubomoa sehemu za hatari.

Huo ukuta unaouona kwenye picha ndo ungekuwa uso wa mbele, wenyewe wanauita Facciatone. Unapandika. Ngazi zake nyembamba za kuzunguka, mnene na mnene hawapishani, na ukifika juu unasimama kwenye kijia cha jiwe hewani. Mimi nilipanda nikiwa nimejiandaa kuangalia vilima vya Toscana kama kila mtu, nikajikuta naangalia chini, pale kwenye kiuwanja ambapo watu wanapita na mikoba yao ya sokoni na mtoto anafundishwa baiskeli, maana pale ni ndani ya kanisa. Ingetakiwa iwe ndani ya kanisa.

Na maoni yangu ni haya, mnipinge mkitaka: hiyo balaa ndo iliyotuachia Siena. Mji wenye pesa unabomoa na kujenga upya kila karne. Siena ilipoishiwa ikakaa na nyumba zake za karne ya 13 na 14 kwa sababu hakuwa na uwezo wa kujenga nyingine mtu yeyote, na mwaka 1995 UNESCO wakaja kuuandika mji wa kale wote kama urithi wa dunia.

Hivi yule mbwa mwitu anayenyonyesha watoto wawili si wa Roma? Mbona Siena wanaye kila kona? – Mdadisi

Ni yule yule. Hadithi yao ni kwamba Remus, mmoja wa wale mapacha walionyonyeshwa, aliyeuawa na ndugu yake Romulus mwanzilishi wa Roma, aliacha watoto wawili, Senius na Aschius, wakamkimbia baba yao mdogo wakiwa wamebeba sanamu ya mbwa mwitu, mmoja juu ya farasi mweusi na mwingine mweupe, wakafika hapo wakaanzisha mji. Ndo maana nembo ya Siena ni nyeusi na nyeupe. Ni hadithi nzuri. Wanahistoria wanasema palikuwa makazi ya Waetruski, watu wa kale wa Italia kabla ya Warumi, halafu koloni la Warumi wakati wa Augusto likiitwa Saena Julia. Mi naona hadithi ilitungwa ili Siena isionekane ndogo mbele ya Roma, na kwa watu niliokwisha kuwaeleza hapo juu hilo wala halishangazi.

Mjomba heshima kwako. Nafundisha uraia, nimesikia Siena kuna mchoro kuhusu serikali nzuri na serikali mbaya. Una nini hasa? – Mwalimu wa Zamu

Mwalimu, huu ukipata nafasi usiukose. Upo ndani ya Palazzo Pubblico, jumba la serikali lililoanza kujengwa 1297, na aliyeuchora ni huyo huyo Ambrogio Lorenzetti, mwaka 1338 na 1339, kwenye kuta tatu za chumba walichokuwa wanakaa wale Tisa. Tisa ni nani? Ni baraza la watu tisa, wengi wafanyabiashara, lililotawala Siena kuanzia 1287 mpaka 1355. Kila kundi lilikaa madarakani miezi miwili tu, na miezi hiyo miwili walilala humo humo jumbani. Kwa hiyo wakiinua macho kwenye kikao wanaona ukutani kitakachotokea wakiharibu.

Upande wa serikali nzuri kuna Haki na mizani yake, kutoka kwenye mizani inashuka kamba, Maelewano ameipokea akiwa na randa ya seremala mapajani (ya kusawazisha wanaojiona wako juu, hiyo ndo inanifurahisha kuliko zote), halafu kamba inapita mikononi mwa raia 24 waliopanga mstari mpaka kwa mzee mwenye nguo nyeusi na nyeupe, ambaye ni Siena yenyewe na manufaa ya wote. Wameishika, hawajafungwa nayo. Pembeni Amani amejilaza kwenye mto, chini yake amekalia silaha.

Ukuta unaofuata ni mji wenyewe: fundi wapo juu ya paa wanajenga, kuna duka la viatu, mwalimu (mwenzio) na wanafunzi wake, watu wanacheza duara barabarani, na langoni mkulima anaingia na nguruwe mweusi mwenye mkanda mweupe mabegani, aina ambayo bado inafugwa huko huko mpaka leo. Juu ya lango anaelea mwanamke mzuri mwenye mabawa, ni Usalama, na mkononi ameshika kijiti chenye mtu aliyenyongwa. Hawakuficha kitu.

Upande wa pili Dhalimu ana pembe na makengeza, Haki amefungwa kamba chini ya miguu yake, na mjini hakuna anayefanya kazi isipokuwa anayetengeneza silaha. Huo ukuta umeharibika vibaya, sehemu kubwa imebanduka. Na kumbuka, miaka tisa tu baada ya rangi kukauka tauni ikaingia.

Farasi! Mjomba tueleze farasi! – barua kumi na moja, sitazitaja zote

Haya. Inaitwa Palio, inakimbizwa mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Julai na 16 Agosti, kwenye Piazza del Campo, ule uwanja wenye umbo la kombe la baharini ulioinama kuelekea jumba la serikali na wenye vipande tisa vya tofali kwa heshima ya wale Tisa. Wanamwaga udongo kuzunguka uwanja, wanaushindilia, na kona ya San Martino ambayo ni mteremko na mkunjo kwa wakati mmoja wanaipanga magodoro ukutani. Mizunguko mitatu, farasi kumi, hakuna matandiko, na mbio nzima inaisha kwa sekunde sabini na kitu mpaka tisini. Umesubiri mwaka mzima, ukipiga chafya umekosa robo.

Wanaoshindana ni mitaa, inaitwa kontrada, ipo 17, na mipaka yake ilipangwa rasmi na mtawala Violante wa Bavaria karibu na 1730. Uwanja hautoshi wote kwa hiyo wanakimbia kumi: saba wana haki kwa kuwa hawakukimbia mbio ile ile mwaka uliopita, watatu wanapatikana kwa kura. Farasi nao ni kura, siku chache kabla, kontrada haichagui, unapewa unachopewa, watu wazima wanalia machozi pale pale wakipata farasi mbovu. Mpanda farasi ndo unamchagua, na unamlipa, na hapo ndo mambo yanakuwa mambo, kwa sababu kontrada nyingine nayo inaweza kumlipa ili asishinde. Msishangae, hii siyo siri wala kashfa, ni sehemu ya mchezo, wana hadi neno lake, partiti, na manahodha wa kontrada wanajadiliana hizo hela usiku kucha.

Kuanza kwenyewe ni sinema. Farasi tisa wanapangwa kati ya kamba mbili kwa utaratibu wa kura, wa kumi anabaki nyuma, na mbio haianzi mpaka huyo wa kumi aamue kuingia. Sasa huyo akiona adui wa rafiki yake amekaa vibaya anaingia, akiona amekaa vizuri hatoki. Wanazunguka, wanasukumana, wananong'ona wakiwa juu ya farasi, msimamizi anawatoa wote warudi upya, jua linazama, watu wamesimama katikati ya uwanja tangu mchana bila choo. Kiboko walichoshika wapandaji kinatengenezwa kwa uume wa fahali uliokaushwa na wanaruhusiwa kumchapa nacho jirani, siyo farasi tu. Na akianguka mpandaji, farasi akafika peke yake wa kwanza, ameshinda! Kontrada inachukua ushindi kama kawaida.

Kabla ya mbio kila farasi anapelekwa kanisani kwenye kontrada yake, ndani kabisa mbele ya madhabahu, padri anambariki na kumwambia nenda urudi mshindi. Akijisaidia humo kanisani watu wanafurahi, ni bahati.

Zawadi ni kipande cha hariri kilichochorwa picha ya Bikira Maria. Pesa hakuna, tena aliyeshinda ndo anafilisika kwa ahadi alizotoa. Na anayehesabiwa kashindwa ni wa pili, wa mwisho hana neno. Lakini kuna kibaya kuliko kuwa wa pili, ni adui yako kushinda. Kontrada iliyokaa miaka mingi kuliko zote bila kushinda inaitwa bibi, na hilo jina hawalipendi.

Mimi Palio yenyewe sikuiona, niliona zoezi la asubuhi, yapo sita kabla ya mbio. Kumbukumbu niliyobaki nayo ni watoto wa kontrada waliojaa kwenye jukwaa chini ya jumba, wamevaa vitambaa vya rangi shingoni, wanaimbiana matusi kwa sauti za kanisani, na ule mlio wa kwato kwenye udongo ulioshindiliwa, mzito, kama mtu anapiga godoro kwa ngumi. Aliyeuliza kuhusu farasi kuumia: ndiyo, wameumia na wengine wamekufa, na kelele za watetezi wa wanyama zimeongeza ukaguzi wa madaktari na kuwaondoa farasi wa mbio walio damu safi, kwa sababu mifupa yao haihimili ile kona. Wapo wanaosema haitoshi, na sina jibu la kuwanyamazisha.

Ni kweli kuna mtaa wa twiga? – Darasa la Saba B

Kweli kabisa watoto wazuri. Twiga yupo, ni kontrada ya Giraffa. Tembo naye yupo, ila mtaa wake unaitwa Torre, mnara, kwa sababu tembo amebeba mnara mgongoni. Na kifaru yupo! Mtaa wa Selva, msitu, nembo yake ni kifaru amesimama chini ya mti wa mwaloni. Wengine ni Tai, Kiwavi, Konokono, Bundi, Joka, Nungunungu, farasi wa pembe moja, Mbwa mwitu jike, Kombe la baharini, Bata bukini, Wimbi, Chui, Kobe na Kondoo dume. Hesabuni mtapata 17. Bata na Tembo hawapatani kabisa.

Mjomba, Mtakatifu Katarina wa Siena amezikwa huko? – Mwanakwaya

Kichwa kipo Siena, mwili upo Roma. Wala sitanii. Caterina Benincasa alizaliwa 1347, mwaka mmoja kabla ya tauni, binti wa mtia rangi nguo karibu na ile Fontebranda niliyoisema, kwenye familia ya watoto zaidi ya ishirini. Hakwenda shule, barua zake nyingi aliwaandikisha wengine yeye akitamka, na barua hizo zilikwenda kwa wafalme na kwa Papa Gregory XI aliyekuwa anakaa Avignon huko Ufaransa, akimsukuma arudi Roma. Akarudi, 1377. Caterina alifia Roma 1380 akiwa na miaka 33, akazikwa kule kwenye kanisa la Santa Maria sopra Minerva, na kichwa kikaletwa nyumbani, kipo kanisa la San Domenico kwenye tabernakulo. Aliyemtangaza mtakatifu mwaka 1461 ni Pius II, papa wa ukoo wa Piccolomini wa huko huko Siena, mambo ya nyumbani hayo. Mwaka 1970 akafanywa Mwalimu wa Kanisa.

Nina siku moja tu Siena, nipande mnara au niingie kanisani? – Msafiri Mwenye Haraka

Kanisani. Mnara wa Mangia ni mzuri, mita 88, ulianza 1338 ukakamilika mwaka ule ule wa tauni, una ngazi kama 400 na jina lake limetokana na mpiga kengele wake wa kwanza ambaye watu walimtania kwa jina la Mla Faida. Lakini panda Facciatone kwa mtazamo, halafu muda uliobaki mpe kanisa. Cheki sakafu kwanza: vipande 56 vya picha za marumaru zilizotengenezwa kuanzia karne ya 14 hadi ya 16, ila sehemu kubwa ya mwaka zimefunikwa zisikanyagwe, hufunuliwa wiki kadhaa tu majira ya joto mpaka vuli. Ukibahatika kuzikuta wazi usitoke haraka. Kisha ng'ambo ya kanisa kuna Santa Maria della Scala, ilikuwa hospitali ya mahujaji na watoto waliotupwa, ikatibu watu mpaka mwishoni mwa karne ya 20, sasa ni makumbusho, na ukutani kuna michoro ya karne ya 15 inayoonyesha wagonjwa, madaktari na mayaya wakinyonyesha. Humo kwa kawaida hakuna msongamano. Gari iache nje ya kuta, mji wa kale ulifungiwa magari tangu miaka ya 1960.

Mwisho wa yote Florence waliwashinda au hawakuwashinda? – Mpenda Vita

Inategemea unamuuliza nani. Wasiena watakuambia 4 Septemba 1260, Montaperti, walivyolichakaza jeshi la Florence lililokuwa kubwa kuliko lao mpaka kijito cha Arbia kikawa chekundu, na kanisani watakuonyesha miti miwili mirefu kwenye nguzo, wanasema ni ya lile gari la vita walilonyang'anya siku hiyo. Wanaisimulia kama ya juzi.

Ya 1555 hawaisimulii kwa hamu hiyo. Jeshi la Mfalme Karolo V na la Cosimo de' Medici wa Florence liliwazunguka kuanzia 1554, wakala panya na paka, wakawatoa nje ya kuta watu wasioweza kupigana ili chakula kitoshe, na Aprili 1555 wakasalimu amri. Mamia ya familia walihamia mji wa Montalcino wakaendelea kujiita jamhuri mpaka 1559. Miaka miwili baada ya mji kuanguka, Philip II wa Hispania, mwanawe Karolo, alimkabidhi Cosimo Siena, basi, ikawa chini ya Florence.

Kitu walichobaki nacho ni benki. Monte dei Paschi ilianzishwa 1472 na jamhuri yenyewe na ndo benki kongwe kuliko zote duniani ambayo bado ipo. Hilo neno paschi ni malisho, kwa sababu 1624 amana za watu ziliwekewa dhamana ya mapato ya malisho ya Maremma, nyanda za pwani kusini ya Toscana. Mwaka 2017 ilibidi serikali ya Italia iingize mabilioni ya euro isife. Imepona.

Mjomba, we ni wa kontrada gani? Kuwa mkweli. – Mpwa wako

Mpwa, mtu haingii kontrada kwa kupenda, unazaliwa ndani yake na unabatizwa kwenye chemchemi ya mtaa, hiyo ni mbali na ubatizo wa kanisani. Mimi mgeni sina. Ila chumba nilichopanga kilikuwa upande wa Konokono, karibu na lango la San Marco, na bila kujua nilinunua kitambaa kizuri cha shingoni cha njano na bluu kwa sababu tu rangi ziliniingia. Kumbe ni za Kobe, mtaa wa jirani, adui wa Konokono. Ndiyo, konokono na kobe, wanashindana mbio. Mama mwenye nyumba alinifungulia mlango akaangalia shingo yangu, hakusema kitu, akaenda jikoni akarudi na mfuko wa plastiki akaufungua mdomo na kunisogezea. Nikakitia humo. Ndipo akaniuliza kama nitakunywa kahawa.